Askari kaja kibandani bila karatasi, anataka nimfungulie simu ya mteja. Nilikosea kukataa?

#1 Fundi wa Ngamiani (mleta mada)

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa kibandani, mvua imetukamata tangu asubuhi na wateja hakuna, kwa hiyo mniwie radhi uzi ukirefuka.

Mimi ni fundi simu hapa Ngamiani, Tanga, mwaka wa tisa sasa. Jumanne kaingia bwana mmoja, shati la mikono mifupi, kaongea vizuri tu. Akasema yeye ni askari wa kituo fulani (sikitaji), akafunua kitambulisho nusu sekunde, kama mcheza karata anayechungulia mkono wake. Akasema kuna simu ya dada mmoja iko kwangu, kioo kimepasuka, ina kava la zambarau. Kweli ipo. Akataka niiwashe, nimpe patani, asome meseji za wiki mbili. "Ni suala la kiusalama, kijana."

Patani ninayo. Mafundi wenzangu mnajua: mteja akileta simu ya kioo anakuchorea patani kwenye kikaratasi, ili ukishabadilisha ujaribu kama mguso unafanya kazi kote. Mimi vikaratasi hivyo nakunja na kubandika kwa selotepu mgongoni mwa simu yenyewe, visipotee. Ina maana bwana yule alikuwa anaitazama simu pamoja na ufunguo wake, kati yao na mkono wake kuna kioo cha meza tu.

Nikamwambia, afande, naomba karatasi. Akacheka. "Karatasi gani?" Nikasema yoyote yenye muhuri. Wallahi sikujua naomba karatasi gani, nimesikia tu watu wakisema. Akaandika namba ya simu iliyochorwa kwenye bango langu, akaniambia "wewe mgumu", akatoka. Kasema atarudi.

Mke wangu ananiambia nimejitafutia. Jirani wa kibanda cha pili anasema ningempa tu, kwani meseji zangu? Usingizi umepungua wakuu. Nilikosea?

#2 Kashata

Siti ya mbele. Ngoja waje wanasheria.

#3 Dafu la Sahare

Umekosea mkuu, nakwambia kwa nia njema. Askari akisema usalama, ni usalama. Huyo dada kama hana baya angepungukiwa na nini? Tunalalamika vijana wanaibiwa bodaboda, mabinti wanatapeliwa mtandaoni, halafu polisi akija kufanya kazi yake tunamdai muhuri. Mtu safi haogopi kupekuliwa.

#4 Kashata

@Dafu la Sahare basi tupia hapa meseji zako za wiki mbili tusome wote, mtu safi.

#5 Dafu la Sahare

Wewe si polisi.

#6 Kashata

Na yule wa kibandani unajuaje kuwa ni polisi? Kitambulisho nusu sekunde.

#7 Wakili wa Chumbageni

Nimesoma mara mbili. Fundi, lala. Kwa alichokuja nacho bwana yule, hukukosea. Ila usitoke hapa na jibu nusu, kwa sababu akirudi na karatasi hali inabadilika.

Katiba ya 1977, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu, familia yake na mawasiliano yake binafsi. Ibara ya 18 inarudia kwamba mtu ana uhuru wa kuwasiliana bila kuingiliwa. Lakini ibara hiyohiyo ya 16 inaruhusu sheria iweke utaratibu wa lini na vipi faragha hiyo inaweza kuguswa, na ibara ya 30 inataja mipaka ya haki zote, usalama wa umma ukiwemo. Hakuna faragha isiyoguswa, ila kuna utaratibu wa kuigusa.

Utaratibu wenyewe ndio unaoniudhi. Chukua Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 32. Data ikihitajika kwa upelelezi, mkuu wa kituo cha polisi, au ofisa wa ngazi kama yake, anaweza kutoa amri kwa yeyote mwenye data hiyo aitoe. Yeyote, maana yake hata wewe mwenye kibanda. Hakimu anaingia pale ambapo njia hiyo imeshindikana. Na ukikaidi amri halali, adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 3 au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote. Kwa hiyo hofu ya mkeo ina msingi.

Sasa linganisha na Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002. Humo, polisi anayetaka kunasa mawasiliano anatakiwa kwanza apate idhini ya maandishi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha aende mahakamani kuomba amri. Hebu lisome tena hilo. Mtuhumiwa wa ugaidi analindwa na saini mbili zilizo nje ya kituo. Mtu aliyetuhumiwa kuandika uongo Facebook anategemea saini ya mkuu wa kituo kilekile kinachompeleleza.

Kifungu cha 32 kilipingwa Mahakama Kuu na Jamii Media, wenye mtandao wa JamiiForums, mwaka 2016, ombi likatupwa 2017. Kwa hiyo kipo, kinafanya kazi. Lakini hata hicho kinataka amri ya mkuu wa kituo. Bwana wa shati la mikono mifupi hakuwa na hata hicho.

#8 Fundi wa Ngamiani

Ahsante wakili. Kwa hiyo akirudi na amri ya mkuu wa kituo, natoa?

#9 Wakili wa Chumbageni

Unaisoma kwanza. Jina, kosa linalopelelezwa, data gani inatakiwa, saini, muhuri. Ikisema meseji za wiki mbili, haisemi picha za miaka mitatu. Piga nakala. Wakichukua simu yenyewe, dai hati ya kukamata mali, isainiwe mbele ya shahidi. Ita jirani yako huyo wa "kwani meseji zako", angalau afanye kazi.

#10 Kofia Imechakaa

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Nimetumikia jeshi la polisi miaka mingi, sasa nafuga kuku Pongwe. Nimekaa kimya nikisoma lakini naona mnaelekea kusahau tunaishi wapi.

Februari 2015 risasi zililia mapango ya Amboni, hapo hapo, si Somalia. Watu wa Tanga walikuwa wakipeleka wageni wakaangalie popo, ghafla njia imefungwa, wanajeshi wamejaa. Mei 2016, Kibatini, watu wanane waliuawa kwa kuchinjwa usiku mmoja. Wanane. Mnaoandika habari ya faragha hapa, nendeni mkamwulize mama wa kule kama angekasirika polisi wangesoma meseji za mtu wiki moja kabla.

Upelelezi hauendi kwa kasi ya mahakama. Mtoto ameibwa saa kumi jioni, simu ya mwizi inagonga mnara wa Muheza, saa moja inagonga Korogwe, hakimu yuko nyumbani anakula futari. Utamsubiri mpaka saa tatu asubuhi? Nimewahi kuwa kwenye kesi ya namna hiyo. Mtoto tulimpata kwa sababu mtu mmoja kampuni ya simu alitusaidia usiku ule bila kudai muhuri. Leo ni mama wa watoto wawili.

#11 Kashata

Mzee hapo umenigusa.

#12 Wakili wa Chumbageni

Mzee, shikamoo, na kwa mtoto yule Mungu awalipe. Lakini niruhusu. Dharura ndiyo mfano unaoletwa siku zote, na karibu kila nchi inaweka mlango wa dharura: chukua sasa, ndani ya saa kadhaa mpelekee hakimu maelezo. Hilo sina shida nalo. Shida ni pale mlango wa dharura unapokuwa ndiyo mlango wa kila siku. Kesi zangu za kifungu cha 32 nyingi hazina mtoto aliyeibwa. Zina mtu kamtukana mtu.

#13 Kofia Imechakaa

Hapo sibishi. Na nikuambie jambo ambalo raia hawalijui: karatasi inamlinda askari kuliko inavyomlinda raia. Mimi nilikuwa nawaambia vijana wangu, ukienda bila maandishi, mambo yakiharibika bosi atasema hakukutuma. Huyo aliyekwenda Ngamiani bila karatasi, mimi kama mkubwa wake ningemwuliza jambo moja: jalada namba ngapi? Kama hana namba ya jalada, hayuko kazini. Yuko kwenye shughuli zake.

#14 Kashata

Shughuli zake... kava la zambarau... nimeanza kuelewa 🤔

#15 Fundi wa Ngamiani

Mimi hilo nililiona tangu mwanzo wakuu, ila sikuliandika. Alipokuwa anaulizia simu, alisema "ile simu yake ya Samsung niliyo..." akakata. Kisha akasema "iliyo na kava".

#16 Mama Makorora

Afadhali umelisema mwanangu, maana wanaume mngejadili vifungu mpaka alfajiri. Mimi nilivyosoma tu "dada mmoja" nikajua.

Nami nina langu. Mnakumbuka kusajili laini kwa alama za vidole? Ilianza Mei 2019, mwisho Desemba, wakaongeza hadi tarehe 20 Januari 2020. Mimi nilikwenda siku zile za mwisho, foleni imetoka dukani imekunja kona, jua la Januari linajua mwenyewe. Kijana wa usajili akaniambia mama kidole hakisomi, futa na kanga, weka tena. Nikaweka. Tena. Nikaweka mara nne. Nikajisemea hiki kidole kimeliwa na sabuni za kufulia, ndiyo uzee.

Mwaka juzi mjukuu akanifundisha kupiga *106#. Nina laini tatu! Moja ni hii naandikia. Mbili sizijui hata harufu. Kidole kilikuwa kinasoma siku zote, kijana alikuwa anakivuna.

Sasa sikilizeni. Hizo laini mbili zikitumika kumwambia mtu "tuma ile hela kwa namba hii", mkuu wa kituo akatoa hiyo amri yenu ya kifungu cha 32, kampuni ikajibu haraka, jina litakalotoka ni la nani? La bibi wa Makorora muuza mikate ya mofa. Data imesema. Nani atabisha na data?

Ndiyo maana mimi namtaka hakimu. Si kwamba hakimu ni malaika. Namtaka mtu mmoja ambaye hana haraka, aulize "mna uhakika gani kuwa ni yeye?" kabla sijagongewa mlango.

#17 Wakili wa Chumbageni

Mama, hiyo hoja nitaiiba niipeleke mahakamani. Je, umeziripoti?

#18 Mama Makorora

Nilikwenda kwa watoa huduma, nikakana, zikafungwa. Nimehifadhi na risiti. Iibe tu, ila ulete mkate.

#19 Mtoto wa Raskazone (niko Leeds)

Naingia kidogo, huku ni usiku. Msidhani wenzetu wamelala salama. Mwaka 2013 Edward Snowden alipotoa nyaraka za siri za NSA (shirika la ujasusi la Marekani), dunia iligundua serikali ya Marekani ilikuwa ikikusanya kumbukumbu za simu za mamilioni ya raia wake: nani kampigia nani, saa ngapi, dakika ngapi. Maneno yenyewe hayamo. Watetezi wakasema si tatizo, hatusikilizi. Lakini ukijua mtu kapiga simu kliniki, kisha kwa mama yake, kisha kwa wakili, unahitaji kusikiliza nini tena? Na walikuwa na mahakama maalumu tangu 1978, inayokaa kwa siri na kusikiliza upande mmoja. Bunge lao lilikuja kuubana ukusanyaji ule wa jumla mwaka 2015.

Hapa Uingereza sheria ya 2016 inaipa serikali nguvu kubwa mno, tena wapo wanaoilaani. Ila ina kitu wanaita kufuli mbili: waziri anaidhinisha, na jaji naye lazima akubali kabla ya simu kunaswa. Kenya jirani zetu, Januari 2020 Mahakama Kuu ilipoamua kesi ya Huduma Namba, usajili wao wa utambulisho wa raia, haikuifuta, ila ilikataza kukusanya vinasaba na mahali mtu anapoishi kwa satelaiti. Serikali ikabaki na daftari lake, lakini kurasa mbili zikachanwa. Mimi huo ndio uamuzi ninaoupenda.

#20 Dafu la Sahare

Mnasahau kwamba Mswahili hajawahi kuwa na faragha. Balozi wa nyumba kumi tangu enzi za TANU alijua nani kalala kwa nani. Ukiingia gesti yoyote mjini hapa unapewa daftari: jina, kabila, kazi, utokako, uendako. Hakuna aliyekwenda mahakamani. Leo mmejifunza neno faragha kwenye intaneti mnaleta fujo.

#21 Mama Makorora

Na wewe kwenye hilo daftari la gesti ulikuwa unaandika jina lako?

#22 Kashata

😂😂😂 uzi ufungwe

#23 Dafu la Sahare

Bibi heshima tafadhali.

#24 Wakili wa Chumbageni

Nicheke kwanza.

Sasa, hoja ya Dafu ni nzito kuliko anavyodhani. Balozi alijua mengi, kweli. Lakini na mtaa ulimjua balozi. Ulijua anakunywa wapi, amegombana na nani, kwa hiyo akileta uzushi mnajua unatoka wapi. Tena balozi anasahau, na balozi anakufa. Kumbukumbu ya mnara haigombani na mtu, haisahau, na anayeisoma humjui.

Faragha tunayo pia. Kwa nini tunapiga hodi, na ukipiga mara tatu kimya unaondoka hata kama unasikia redio inaimba ndani?

Kuhusu mizani, Mahakama ya Rufani ilishaiweka zamani, kesi ya Kukutia Ole Pumbun, 1993, Wamaasai wawili dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Ilikuwa kuhusu sheria iliyomtaka raia aombe ruhusa ya serikali ili aishtaki serikali hiyohiyo. Majaji wakaitupa. Wakasema sheria inayobana haki ya mtu lazima iwe na kinga dhidi ya maamuzi ya kiholela, na isibane kupita inavyohitajika. Ukikipima kifungu cha 32 kwa maneno hayo, mimi naona hakisimami, ingawa Mahakama Kuu ilinikatalia. Sijakata tamaa.

#25 Kijana wa VPN

Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi je? Si imeanza kutumika Mei 2023, na tume imezinduliwa? Au ni kama lile tangazo la Oktoba 2023 la TCRA, mamlaka ya mawasiliano, tujiandikishe wenye VPN, unaandikisha kitu unachokitumia ili usionekane 😅

#26 Wakili wa Chumbageni

Ipo na ni nzuri kwa mambo ya duka, benki, hospitali, shule. Fundi naye kwa daftari lake la wateja inamgusa. Ila masuala ya usalama wa taifa na upelelezi wa makosa yamewekewa misamaha ndani yake. Mlango ule mkubwa bado uko vilevile.

#27 Kofia Imechakaa

Nimekwenda kulisha kuku nimerudi. Wakili, nitakupa nusu. Amri ya kupekua data itoke kwa hakimu, na kila wilaya iwe na hakimu wa zamu usiku, kama hospitali ya Bombo ilivyo na daktari wa zamu. Sio haki kumlaumu askari kwa kuruka mahakama iliyofungwa saa tisa na nusu alasiri.

#28 Wakili wa Chumbageni

Mzee hapo nasaini kwa mikono miwili. Hilo la zamu hata sisi mawakili hatulisemi.

#29 Fundi wa Ngamiani

Wakuu nimesoma yote. Nina jambo, nimelizungusha siku tatu.

Mnanisifu hapa kama nimelinda faragha ya dada wa watu. Mwaka wa pili wa kazi yangu, aliniletea mume mmoja simu ya mkewe. Alinipa elfu ishirini nimtolee loku. Nilitoa. Nikamsomea na meseji, kwa sababu hakuwa amevaa miwani. Nilisimama pale kama karani nikisoma, yeye anaitikia "endelea". Yule mama aliachika mwezi uleule. Na katika zile meseji, mkitaka kujua, hakukuwa na kitu. Kulikuwa na mwanamume anadai hela ya vitenge.

Hakuna askari aliyenituma. Hakuna kifungu. Tangu siku ile simu za loku sifanyi bila mwenyewe kusimama mbele yangu na risiti. Ndiyo sababu hasa nilisema "karatasi" Jumanne, lilinitoka tu. Sikuwa nawaza Katiba.

#30 Mama Makorora

Ulimtafuta yule mama ukamwambia?

#31 Fundi wa Ngamiani

Hapana.

#32 Kofia Imechakaa

Mtafute, mwanangu.

#33 Fundi wa Ngamiani

Mrejesho, Ijumaa jioni. Askari hajarudi. Dada wa kava la zambarau kaja baada ya saa kumi. Simu nimemwekea kioo, mguso safi. Kikaratasi nikakibandua mgongoni nikampa mkononi mwake, nikamwambia kuna bwana alikuja kuulizia simu hii akisema ni askari, sikumfungulia. Nikamweleza alivyo.

Hakushtuka. Aliuliza tu, "Alikuwa na miwani ya jua?" Nikasema hapana. Akasema basi kaivua.

Kisha akanigeuzia mgongo, akabadilisha patani palepale mbele ya kibanda, mwili wote kaukunja juu ya simu kama mtu anayekinga mshumaa na upepo. Ndipo akageuka, akanilipa, akaondoka na baiskeli yake kuelekea Barabara ya 20 na kitu.

#34 Kashata

Kioo ulimwekea orijino au kopi?

#35 Fundi wa Ngamiani

Kopi. Orijino alisema bei imemshinda.